Mkwe Aliyegeuza Mgongo

Watu wa bichi hii, hapa ufuoni mwa ziwa, wana midomo. Ukikaa kwenye kibanda changu cha samaki, chai haijapoa mtu atakuwa ameshakueleza kwamba mume wa Benta alimuacha mama mkwe wake afe maji huku akimsikia. Mwingine ataongeza kwamba alisimama akitazama. Huyo wa pili mfukuze, ni mwongo. Odeke, huyo mume wa Benta, hakutazama, na shida yote ilianzia hapo. Mimi ni Auma, dada mkubwa wa Benta, na huyo aliyekufa ni mama yangu mzazi, kwa hivyo nikisema neno zuri juu ya Odeke msidhani nampendelea mtu.

Basi mjue mapema jambo lilivyokuwa. Mama alikufa siku ambayo Benta na mumewe walikuja ziwani kupumzika. Kaka yetu Wabwire akaapa kwamba Benta harudi tena kwa mwanamume huyo. Benta mwenyewe alitaka kurudi. Na Odeke, ambaye wazazi wake walikufa zamani na ambaye hakujaliwa mtoto, hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo Benta.

Odeke ni Mteso wa Angurai. Ni mrefu, mwembamba, na kazi yake ni kufunga maturubai ya malori pale Malaba. Lori likikaguliwa mpakani turubai linafunguliwa, na kabla halijavuka kuingia Uganda lazima lifungwe tena sawasawa. Dereva naye amelala kwenye foleni hata mgongo unamuuma, hataki kupanda juu. Hapo ndipo Odeke anaitwa. Anapanda juu ya mzigo na kamba begani, anavuta, anakaza, anashuka, anahamia lori jingine. Jua liwake, mvua inyeshe, yuko huko juu. Ukimpa mkono utadhani umeshika kamba yenyewe.

Benta alimkuta huko huko. Alikuwa akitembeza chapati na flaski ya chai kando ya malori, na unajua vile wanaume wa foleni wanavyoongea na mwanamke anayeuza chai. Siku moja akanipigia simu, akaniambia, "Dada, nimepata mtu anayesema asante." Nikamwambia hiyo si sababu ya kuolewa. Akaolewa. Na nikiri, sijawahi kumsikia akilia juu ya ndoa yake. Mtoto hakuja, mwaka ukapita, mwingine ukapita, majirani wakaanza kuulizauliza, na Odeke hakuwahi kumtupia neno hata moja. Jioni alikuwa akimsaidia kukanda unga wa chapati za kesho, mwanamume mzima, mlango wazi, watu wakipita wakicheka.

Sasa kama wewe si mtu wa huku, kuna kitu lazima nikueleze. Kwetu sisi Wasamia, na kwao Wateso vilevile, mwanamume na mama mkwe wake wanaogopana. Hawapeani mikono. Hawakai chumba kimoja. Hawali wakitazamana. Mama mkwe halitaji jina la mkwe wake, na mkwe halitaji la mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki hiyo, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko unayompa padri. Na habari ya mkwe kumuona mama mkwe wake bila nguo, hilo hatulisemi hata kwa utani. Vijana wa siku hizi wamelegeza, kuna wengine wanapiga picha na mama mkwe wamekumbatiana, meno yote nje. Odeke hakuwa wa hao.

Huyo alipitiliza. Siku moja ya soko alimuona Mama kwa mbali, akaruka nyuma ya magunia ya makaa, akakaa huko amechuchumaa mpaka Mama amalize kununua nyanya, na Mama alikuwa mtu wa kuchagua nyanya moja moja. Alipotoka alikuwa mweusi mpaka kope. Mama alijua. Alipita karibu na meza ninayokaangia samaki siku za soko kule barabarani, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Mwambieni yule mtu wa Malaba nimeshaondoka, asije akafia huko." Nikacheka mpaka samaki wakaniungulia mafutani. Nilimtania Odeke kwa jambo hilo miezi mingi, naye alikuwa anatabasamu tu na kuangalia miguu yake.

Na walipendana, hao wawili. Usishangae. Mama alikuwa akija kwangu anachagua samaki, ngege mnono kuliko wote, anamkausha mwenyewe, anasema, "Huyu ni wa yule mtu." Odeke naye hakuwahi kumruhusu Benta aje nyumbani mikono mitupu, lazima simsim, lazima njugu za kwao Angurai, zimechaguliwa, hakuna hata moja iliyooza. Mama akila zile njugu alikuwa anasema Benta amepata mtu. Lakini uso kwa uso, kutazamana kama mimi na wewe, haijawahi kutokea. Wakati wote huo sidhani Odeke alikuwa anajua Mama ana macho ya namna gani.

Kwa sababu hiyo hiyo, Odeke hakuwahi kufika ziwani. Nyumba ya Mama iko hapa juu, ukishuka kidogo umefika majini, na Mama alikuwa huku majini kila siku, akianika dagaa wa omena, akifua, akioga. Odeke akija ukweni aliishia kwa Wabwire upande wa barabara, anakula, anaondoka. Benta alichoka. Wenzake wa Malaba walikuwa wanaweka picha kwenye simu zao, wamekaa mchangani na waume zao, miguu ndani ya maji, soda mkononi. Yeye amezaliwa hapa hapa, mume hajawahi hata kuliona ziwa kwa karibu. Akamsumbua, akamsumbua, mpaka Odeke akakubali, ila kwa sharti moja, kwamba Mama asiwepo.

Benta akampigia Mama simu kumuuliza siku gani atakuwa safarini. Mama akafurahi sana. Akasema akina mama wa kanisa wana mkutano Nangina, watatoka asubuhi warudi jioni, kwa hivyo siku hiyo ziwa lote ni lao. Akaniagiza mimi nimchagulie yule mtu samaki mzuri, nisimpe wale wa wateja. Nikamwambia kwani wateja wangu nawapa samaki gani.

Walifika asubuhi kwa pikipiki. Benta alikuwa amevaa gauni la maua, Odeke ameazima kofia ya rafiki yake, na viatu amevifuta mpaka vinang'aa, kama mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Nikamwambia, "Shemeji, hapa ni mchanga, utavivaa mpaka saa ngapi?" Akavivua. Ngozi ya miguu yake ilikuwa laini kuliko ya mikono, na alikanyaga mchanga akijihadhari kama anakanyaga kuku. Boti zilikuwa zimeshatua, wanawake wakigombania samaki, na ng'ambo vilima vya Uganda vinaonekana vizuri. Odeke akasimama akatazama maji kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hii yote ni maji?" Benta akacheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa siku nzuri, acha niseme ukweli, na ndiyo maana inaniuma. Walikaa kando ya boti kuukuu iliyopinduliwa. Benta akamvuta mpaka majini, yakamfika magotini, akakataa kuendelea. Wakapiga picha nyingi, katika zote Odeke amesimama wima, mikono imenyooka, kama anapigiwa picha ya kitambulisho. Nikawakaangia ngege, nikawasongea ugali, wakala kibandani kwangu. Odeke aliunyonya mfupa mpaka nikamwambia aniachie hata paka wangu. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi kama siku hiyo. Aliniambia kwamba akiwa juu ya lori anaona mbali, lakini anachokiona ni lori jingine tu.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba Nangina Mama hakwenda. Mwenyekiti wao aliugua, gari halikuja, wale akina mama wakangoja barabarani mpaka wakachoka, wakatawanyika. Mama akarudi nyumbani. Sasa fikiria huyo mama. Anajua mkwe wake yuko bichi. Hawezi kuja kwetu. Angeweza kukaa ndani, lakini alikuwa na nguo za kufua, na joto lilikuwa kali, na alijua wageni wangekaa upande wa boti, kwenye vibanda, kama wageni wote. Kwa hivyo akapita njia ya nyuma, akaenda upande wa mawe, mahali ambapo wanawake wanaoga. Alizunguka ili asimkwaze Odeke, huo ndio ukweli wenyewe.

Baada ya kula, Benta alibaki kunisaidia kuosha sahani, tukaanza umbea wetu. Odeke akasema anaenda kutembea kidogo kando ya maji, anyooshe miguu. Hakuna aliyemwambia habari ya yale mawe. Watu wa hapa wote wanajua mwanamume hapiti pale bila kukohoa au kuita kwanza, linajulikana tu, hata halisemwi. Yeye ni mtu wa Angurai. Akaenda, kofia kichwani, viatu mkononi.

Yaliyotokea huko aliyasema mwenyewe, siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote, na hajawahi kuyabadilisha. Alizunguka lile jiwe la mwisho, akamkuta Mama majini, maji yako chini ya kiuno, amejipaka sabuni, mgongo na kifua wazi. Nguo zake zote ziko juu ya jiwe, pale pale karibu na miguu ya Odeke. Wakatazamana, ni muda wa kupepesa jicho tu. Mama akajitupa chini majini ajifiche, maji yakamfika shingoni, akaanza kurudi nyuma, nyuma, mbali na ufuo. Odeke akageuka. Akavua kofia akajifunika nayo uso, akasimama kumpa mgongo, na akasema miguu ilimganda.

Pale kuna shimo. Wachimba mchanga walichimba wakati maji yameshuka, maji yalipopanda shimo likabaki chini. Mama alilijua kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea watoto wasisogee huko. Lakini aibu ilimshika, na hakuwa na kitu cha kujifunika nacho ila maji, akaendelea kurudi nyuma.

Odeke akasikia maji yanapigwa. Akadhani Mama anahangaika kutoka. Halafu akamsikia anaita, "Benta! Benta!" Basi. Hakuita kitu kingine. Angeita nini? Jina la Odeke hawezi kulitamka, hakuwahi kulitamka tangu Benta aolewe, hata kwangu alikuwa anasema yule mtu. Akaita jina la mtoto wake. Na Odeke, kwa akili zake zote na adabu zake zote, akaelewa kwamba mama mkwe amekwama majini kwa sababu nguo ziko kwa mkwe, na anamtaka binti yake aje amletee leso ya kujifunga. Akaona njia nzuri ya kumstahi ni kuondoka hapo haraka na kumleta Benta. Akakimbia. Alikimbia kwa nguvu zake zote kwenda upande usiofaa.

Alifika kwetu anahema, uso umemshuka, haangalii mtu. Akasema, "Benta, mama anakuita. Mpelekee leso." Benta akamuuliza mama yupi. Akasema, "Mama. Kule kwenye mawe." Tulipoelewa amemkuta wapi, tukacheka. Ndiyo, tulicheka, nani angejua. Benta akamwambia, "Leo umekwisha, utahamia Uganda." Odeke hakucheka, alikuwa anasema fanyeni haraka, yuko kwenye maji. Benta akapangusa mikono, akachukua leso yangu, tukaenda wote watatu.

Tulipokaribia, Odeke akabaki nyuma ya jiwe, ametupa mgongo. Sisi tukazunguka. Nguo ziko. Beseni liko. Sabuni iko juu ya jiwe, bado ina povu. Benta akaita, "Mama." Akaita tena. Maji yametulia, hakuna hata kiwimbi. Nikapiga kelele, wanaume wa boti wakaanza kukimbia kuja, na nikarudi kwa Odeke nikamshika shati. Bado alikuwa amesimama ameangalia upande wa pili, anangoja mama mkwe wake avae nguo. Nikamwambia, "Amezama, wewe! Ingia!"

Aliingia na nguo zake. Hajui kuogelea, lakini hakuhitaji kujua. Mimi nilimuona kwa macho yangu akitembea ndani ya lile shimo kwa miguu yake, akipapasa kwa mikono, na maji yalimfika mabegani. Mabegani tu. Mama alikuwa mfupi. Kila mtu aliyekuwa pale aliona maji yamemfika wapi, na hiyo ndiyo habari ambayo Wabwire alipelekewa kabla hata hajafika.

Vijana wawili wa boti walipiga mbizi wakamuinua Mama, kando kidogo ya pale Odeke alipokuwa. Walipomtoa, maji yakimchuruzika, Odeke akageuza uso akatazama Uganda. Amesimama majini hivyo hivyo, analia kwa sauti, haangalii. Benta akamfunika Mama kwa ile leso. Tulimsukuma kifua, tukamlaza kifudifudi, tukafanya kila ambacho watu wa ziwa wanafanya. Alikuwa amekwenda.

Wabwire akaja. Kaka yetu ni mwendesha boda boda, ana hasira za karibu, na Mama alimpenda kama roho yake. Ilibidi wanaume watatu wamshike. Aliposikia habari yote akamuuliza Odeke swali moja, "Ulimsikia akiita?" Odeke akasema, "Nilimsikia." Angeweza kudanganya. Hakukuwa na shahidi mwingine kule, angesema hakusikia kitu, na leo angekuwa na mke wake. Alisema alisikia, akasema ameita mara ngapi, akasema kwa sauti gani. Wabwire akamwambia aondoke kabla hajamzika na yeye, na Benta abaki nyumbani kwao.

Siku zile za matanga, tukingoja mazishi, nyumba imejaa watu, Benta alikuwa akimtetea mumewe kutwa. Kila aliyeingia kutoa pole na kuchokonoa kidogo, alimjibu. Alikuwa amelishika jambo moja tu. "Hangeweza kugeuka," alisema. "Mwanamume mwenye heshima hawezi kugeuka. Nyinyi mngegeuka?" Akawauliza wajomba zetu mmoja mmoja, wewe ungemtazama mama mkwe wako yuko vile? Akamuuliza Wabwire, "Na wewe? Mama yake Sharlyne ungemtazama?" Sharlyne ni mke wa Wabwire. Wabwire akatoka nje. Na Benta akaongeza, "Hata walipokuwa wanamtoa, mliona. Hakuangalia. Ndivyo alivyo, hawezi. Kama angekuwa anaweza angemtoa."

Nilimsikiliza siku zote hizo, na nikaona kwamba mdogo wangu amejengea hapo. Kama Odeke hakuweza, basi Mama alichukuliwa na ziwa, na mtu anaweza kurudi Malaba akakanda unga wake. Aliniambia hivyo karibu kwa maneno hayo, tukiwa tunachambua mboga. "Dada, nitarudi. Nampenda. Hakuna alichofanya ambacho mtu mwingine hangefanya." Nikamwambia nitaongea na Wabwire. Na niliongea naye, nikamwambia kwamba hasira zake hazitamfufua mtu. Akanijibu atajua la kufanya siku ya mazishi.

Siku ya mazishi watu wa Angurai walikuja, wakaja na ng'ombe kama inavyotakiwa, wakiongozwa na shangazi yake Odeke anayeitwa Apolot, mama mmoja mnene asiyeongea sana. Wakaketi mbali, ukingoni mwa migomba, kama wakwe wanavyokaa. Odeke alikuwa amekonda. Alikuwa na suruali ile ile ya siku ya ziwa, nadhani ndiyo nzuri aliyokuwa nayo. Jeneza lilikuwa chini ya hema uani, kifuniko kimefunguliwa upande wa uso. Katekista akasali, akina mama wa kanisa wakaimba, halafu watu wakapanga mstari wa kumuaga. Mkwe huwa hapiti pale. Hiyo nayo inajulikana, hata maiti ya mama mkwe hutazami, unaaga kwa mbali.

Wabwire akachukua maikrofoni. Nilipomuona nikajua ni balaa. Akasema, "Kuna mtu hajapita." Watu wakageuka. "Shemeji, wewe unasema hukumuua Mama, ni heshima tu. Basi njoo umuage kama watoto wake wengine. Simama hapa, mtazame uso. Ukimtazama, mke wako huyu hapa, mchukue uende naye leo hii hii, sitasema neno tena mpaka nife. Ukikataa, nenda peke yako na usirudi."

Apolot akasimama, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Hiyo haifanywi, mwanangu. Kwetu haifanywi, na kwenu haifanywi." Wazee wa upande wetu wakanung'unika kwamba kweli, haifanywi. Katekista akajaribu kuchukua maikrofoni, Wabwire akamsukuma mkono. Kaka yangu alikuwa amepotoka siku hiyo, na nilimchukia.

Benta alikuwa amekaa karibu yangu. Nilidhani atalia. Lakini alikuwa ametulia, hata naweza kusema alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika. Akaniinamia akaninong'oneza, "Hatakwenda. Wewe unamjua, hawezi. Acha akatae, watu wote waone. Mimi nitamfuata hata kwa miguu." Na ningeapa na mimi kwamba hatakwenda. Yule mtu aliyekaa nyuma ya magunia ya makaa?

Odeke akainuka.

Apolot alimshika shati, akajitoa polepole. Akaja akivuka ule uwanja, watu wakimpisha, macho yake kwa Benta tu. Benta akaanza kutikisa kichwa. Akatikisa tena. Sijui kama Odeke aliona, sijui kama alidhani anamhurumia. Akafika kwenye jeneza. Akasimama. Akashusha macho, akamtazama Mama usoni.

Alitazama kwa muda, hakutazama kwa wizi. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia anasema peke yake, chini chini, "Kumbe yeye na Benta wanafanana hivi." Machozi yakamtoka, akayaacha. Halafu akageuka akaja kwa mke wake, akamnyooshea mkono. Wabwire alikuwa bado ameshika maikrofoni kifuani, na nadhani hakutegemea jambo lile. Akasema bila maikrofoni, sauti imekwisha, "Haya. Nimesema. Mchukue."

Benta hakuushika ule mkono. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Umemtazama," akasema.

"Nimemtazama kwa sababu yako," Odeke akamjibu. "Tuende nyumbani."

"Basi ulikuwa unaweza."

Odeke bado alikuwa amemnyooshea mkono.

"Siku zote hizi nawaambia watu hawezi kugeuka," Benta akasema. Hakupaza sauti, aliongea kama anayemweleza mgeni jambo. "Nimegombana na kaka yangu, nimegombana na wajomba. Nikasema heshima imemfunga, hakuna mtu angeweza. Kumbe inawezekana. Leo umegeuka, kwa sababu usipogeuka unanikosa mimi. Siku ile alikuwa ni Mama tu."

Odeke akaita jina la Benta. Akalisema mara mbili, vile alivyosema kwamba Mama aliita. Nilitaka kusimama kati yao, nilitaka kumwambia Benta kwamba huyu mtu amejivunja mbele ya watu wote kwa ajili yake, na kwamba siku ile hakujua, hakujua. Nilijua pia kwamba alichosema Benta ni kweli. Nikakaa na vyote viwili mdomoni, mimi ambaye sikosi neno.

Wabwire akamwambia Benta kwamba yeye ameshatoa ruhusa, aende na mume wake, yamekwisha. Alikuwa kama anamsihi. Benta akampita, akaingia nyumbani kwa Mama, akafunga mlango, tukasikia komeo. Odeke alibaki pale uani na mkono wake umenyooka kidogo, mpaka Apolot akaja akamshika kiwiko, wakaondoka.